Siku Tatu Tatu, Mara Kumi na Tatu

Novemba 2

Kompyuta ya kituo cha umeme imeanza kusaga meno. Niliisikia asubuhi kabla hata sijavua glavu, sauti ya mtu anayetafuna kokwa za aprikoti. Qozidavlat, mkuu wa kituo, aliinamisha sikio kwenye kasha akasikiliza kama daktari.

"Shemeji," akasema, "huyu anakata roho."

Ni ya mwaka 1998. Ililetwa na watu wa misaada baada ya vita, na tangu hapo ndiyo inayotugawia mto. Inafungua na kufunga lango la maji: kiasi hiki kwa turbini, kiasi hiki kwa mfereji wa mashamba, na nyumba sitini na mbili zinapata taa. Programu iliandikwa kwa Pascal, lugha ya zamani ya kompyuta, na mume wangu, Alifbek, miaka kumi na saba iliyopita. Halafu akaenda Urusi kwa msimu mmoja. Huu ni msimu wa kumi na moja.

Mimi aliniachia programu pamoja na mama yake. Najua hayo ni maneno ya uchungu, ndiyo maana nayaandika humu na si kuyasema. Katika kijiji kizima hakuna wa kuzungumza naye juu ya Pascal. Wa kuzungumza juu ya Alifbek wako wengi mno.

Novemba 4

Theluji ya kwanza. Diski ya kompyuta kimya kutwa nzima. Kimya chake kinanitisha kuliko kelele.

Novemba 9

Vibao viwili vya kompyuta vimefika kutoka mjini Khorog, kila kimoja kikubwa kama kiberiti. Kimoja cha kutumia, kimoja cha akiba. Qozidavlat alikigeuza kimoja mkononi.

"Si uhamishe tu ile ya Alifbek uiweke humu?"

"Haiingii. Ile Pascal yake inaijua mashine ile ile tu. Na hakuna tena anayeitengenezea chochote."

"Basi tafuta lugha nyingine. Ndogo, isiyokula sana. Kama mke wa kwanza."

Nilimtazama hadi akaomba radhi.

Kwa hiyo natafuta lugha. Nimezijaribu nne wiki hii, nikiwa peke yangu na birika. C ni nyepesi kweli, lakini ukikosea jambo dogo kibao kinaganda na hakikwambii kimeumia wapi. Forth ni nyepesi zaidi, haina hata nyama, mifupa tu. Niliandika ukurasa mmoja nikafurahi, siku ya pili nikaurudia na sikuelewa nilichoandika mwenyewe. Python ya vibao vidogo ni nzuri na ina maneno ya kueleweka, ila ikishaingia inakaa sebule nzima na wageni wengine wanabaki uani. Ya nne ni Lua. Bado naitazama.

Vitabu vyote vinaanza na swali moja: nani atakayeisoma programu hii baada yako? Nilikaa na swali hilo hadi chai ikapoa na siagi tunayoitia ikaganda juu yake. Hakuna mtu. Binti mmoja aliyekuwa akija kujifunza ameolewa Murghab. Nikifa mimi kesho, programu yangu itakuwa kama barua kwa mtu asiye na anwani.

Novemba 14

Nimemwambia Mama. Nekqadam ni mama mkwe wangu, lakini miaka hii yote namwita Mama, maana wangu yuko Khujand, bondeni, na tangu niolewe huku juu nimemwona mara nne. Alikuwa anakanda unga. Hakuacha kukanda.

"Hiyo mashine ikifa, nani anaijua?"

"Alifbek."

"Basi."

"Basi nini, Mama?"

"Basi italazimu aje."

Aliyasema kwa utulivu wa mtu aliyepiga hesabu yake zamani na kungoja tu siku. Nikakaa chini. Nikamweleza kwamba hatuwezi kukaa gizani katikati ya baridi tukimngoja mtu, kwamba kuna wagonjwa, kuna shule. Akageuza donge la unga akalipiga kofi.

"Wewe ukiweka yako inayojiendea, mwanangu, watamwita aje kufanya nini? Kula?"

Kwa miaka mitatu Alifbek hajapiga simu, na kwa miaka mitatu mimi ninamletea Mama salamu zake. Nasema nimeongea naye kutoka kituoni. Nasema anakohoa kidogo, amepata koti zuri, anauliza kama ndama amepona. Nilianza siku moja Mama alipokuwa na homa, na maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Sasa nayaoga kila mwezi.

Novemba 15

Upepo. Mama haongei nami ila kwa lazima.

Novemba 21

Kusema kweli, nachelewesha kazi. Jaribio ambalo lingechukua siku mbili nimelifanya sita. Nimepima kila lugha inatumia kumbukumbu kiasi gani, nikachora jedwali, nikalichora tena kwa wino mwingine. Qozidavlat akaniuliza kama natafuta lugha au natafuta mchumba.

Nachelewesha kwa sababu ya Mama. Siwezi kuwa mimi wa kumfungia mlango mwanawe.

Novemba 27

Diski imegoma asubuhi, ikawaka mara ya tano. Nimechagua. Ni Lua.

Sababu zangu, ziwe hapa hata kama hakuna atakayeuliza: ni ndogo, inakaa kwenye kibao na nafasi inabaki. Ukikosea inakwambia mstari wa ngapi. Naweza kubadilisha namba moja bila kuzima kituo. Na mtu asiyeijua akiisoma polepole anaweza kufuata. Nimejaribu kwa Qozidavlat, akasoma kwa kidole: "Kama maji yamezidi hapa, basi funga." Akashangaa. "Mbona hii naielewa?" Nikafurahi zaidi ya nilivyotarajia.

Jioni Mama akauliza hiyo lugha inaitwaje, neno lake la kwanza refu wiki hii.

"Lua."

"Ndiyo nini?"

"Ni mwezi, kwa Kireno."

"Mto unafuata jua tangu dunia ianze, ninyi mnaupa mwezi. Haya, endeleeni."

Desemba 3

Nahamisha programu ya Alifbek mstari kwa mstari. Ni kama kukunja nguo za mtu aliyehama. Huyu alikuwa kijana nadhifu. Kila lango lina ulinzi wake, kila namba imekaa mahali pake. Nilikuwa nimesahau alivyokuwa na akili, na kumbukumbu hiyo haikunisaidia kitu.

Ila kuna kipande kimoja sikielewi. Mwishoni mwa Desemba, kwa siku anayoipata kwa hesabu ndefu ya vitatu vitatu, programu inashusha lango hadi theluthi. Halafu inarudia: siku tatu bila kuongeza hesabu ya siku, tena tatu, tena tatu, mara kumi na tatu. Mwisho siku moja peke yake. Baada ya hapo inaamka na kuendelea kama vile hapakutokea kitu. Hakuna maelezo. Nani anahesabu hivyo? Kila mwaka wakati huo taa zetu hufifia na sote tunasema mto umepungua. Kumbe ni lango.

Nimemuuliza Qozidavlat. Akasema labda Alifbek alikuwa amelewa.

Desemba 6

Qozidavlat ameipata namba ya Alifbek kwa binamu yake aliyeko Yekaterinburg. Akaiandika kwenye karatasi akanipa, akageuka upande wa pili haraka, kama mtu aliyempa mwenzake dawa chungu.

Nyumbani simu hupata mtandao mahali pamoja tu, kwenye dirisha letu la kusini. Ukiiinua inakatika. Inabidi uiache pale, uwashe sauti kubwa, na uongee ukiwa umeinama. Nilingoja Mama aende kwa jirani kupeleka maziwa.

"Nani?"

"Zarangez."

"Zara. Kuna nini? Mama?"

"Mama mzima. Ni mashine."

"Ah." Nikamsikia akishusha pumzi, na baada ya hapo sauti yake ikawa nyepesi, sauti ya mtu anayehudumia mteja. Nikamsomea mistari ile. Alinisimamisha katikati.

"Mara kumi na tatu?" Akacheka. "Mh, hata sikumbuki. Nilikuwa najifunza bado. Futa tu, huo ni uchafu."

"Una uhakika? Lango linashuka kabisa, Alifbek, si kidogo."

"Zara, si mimi niliyeandika? Ukifuta mtapata umeme zaidi, mtanishukuru."

Hapo sauti ya mtoto ikasikika nyuma yake, kwa Kirusi: "Baba, viatu vyangu viko wapi?" Akaziba simu kwa kiganja, lakini kiganja hakizibi neno lililokwisha kutoka.

"Utazungumza na Mama? Anarudi sasa hivi."

"Nitapiga Jumapili ijayo."

Nilibaki nimeinama pale dirishani, mtandao ukiwa umekwisha kukatika. Hatukupata mtoto, mimi na yeye. Tulisema ni kazi ya Mungu. Sasa najua Mungu alikuwa na shughuli kwingine.

Mama akaingia na theluji kwenye shali, viatu mkononi.

"Ulikuwa unaongea na nani?"

"Alifbek, Mama. Anakusalimu sana. Kauliza magoti yako."

Alinitazama kidogo. "Kauliza magoti," akasema. Akaketi akaanza kuchambua dengu.

Desemba 8

Nimekifuta kipande kile.

Desemba 13

Jumapili. Hakupiga.

Desemba 19

Mashine imekufa saa mbili asubuhi. Haikupiga hata kelele. Saa tatu kibao kipya kilikuwa mahali pake na lango likacheza kama kawaida. Miaka kumi na saba ikaondoka kwa muda wa kunywa bakuli moja la chai. Qozidavlat alitaka tuitupe kompyuta mtoni, nikakataa, nikaiweka stoo na kuifunika gunia.

Desemba 26

Kijiji kinashangilia. Kwa mara ya kwanza katikati ya baridi taa ni nyeupe. Shohzamon mwenye duka amewasha jiko la umeme na amefungua mlango ili watu walione. Wanawake wawili wamenishika mkono njiani. Mmoja akasema, "Kumbe mke naye anajua!" Nilirudi nyumbani nikitembea kwa madaha, si vizuri kuficha.

Mama aliitazama taa kwa muda mrefu. "Inachoma macho," akasema.

Desemba 27

Nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri.

Desemba 30

Ishirini na sita. Anga safi kabisa. Hakuna wingu, hakuna upepo.

Januari 4

Naandika mikono ikiwa imevimba, herufi zitanisamehe.

Saa moja asubuhi taa iligeuka rangi ya karoti, ikazimika. Nilikimbia kituoni na koti juu ya nguo za kulalia. Qozidavlat alikuwa tayari mdomoni pa mfereji, pale maji yanapoingilia, akipiga kelele na hakuna aliyemsikia. Wavu wa chuma ulikuwa umezibwa na uji wa barafu. Si barafu ya kuvunja kwa shoka. Ni uji, wa kijivu, unaonata kwenye chuma kila unapouondoa. Maji yaliyokosa njia yalikuwa yamepanda ukingo na kumwagika barabarani, na yalipomwagika yaliganda.

Wanaume wote walikuja na miti na koleo. Wanawake walileta maji ya moto na majivu. Tulichota uji ule saa tatu nzima, na mto ukawa unaleta mwingine kwa haraka ile ile. Nikapiga kelele lango lishushwe kwa mkono, maana kibao kilikuwa hakina umeme. Qozidavlat na wenzake wawili wakashika gurudumu. Lilikuwa limeganda. Lilipoachia liliachia kwa ghafla, na mkono wake ulikuwa kati ya lango na fremu. Nilisikia alivyovuta pumzi. Hakulia. Alisema tu, "Mniwekee glavu hiyo, mna vidole ndani." Saa sita wakampeleka Khorog kwa gari la Shohzamon.

Ndipo Mama akatokea, kwa fimbo yake, akiteremka njia ambayo hajaiteremka tangu majira ya joto. Watu wakampisha. Akasimama juu ya bwawa dogo lililo mbele ya wavu, akayatazama maji yanavyokimbia meusi, wazi, bila barafu juu yake.

"Nani kayaamsha maji katikati ya chilla?"

Shohzamon alikuwa ametoa gari tu, mwenyewe alibaki. "Mama Nekqadam, maji hayalali. Ni mashine."

"Yanalala! Siku arobaini za chilla jua linasimama na maji yanalala. Ukiyaacha yatulie yanajifunika blanketi lao la barafu, na chini ya blanketi hapana uji. Mkiyakimbiza yanabaki uchi. Na aliye uchi kwenye baridi hii hufanya nini, Shohzamon? Hutetemeka. Huo mnaochota ndio mtetemeko wake."

Nilikuwa na mti mkononi. Nikapiga hesabu mdomo wangu ukiwa umekufa ganzi: tatu mara kumi na tatu, thelathini na tisa. Na moja.

Arobaini.

Chilla naijua. Nimeishi hapa miaka kumi na minne, kila mwaka nawasikia wakisema chilla imeingia, chilla imetoka. Lakini kwangu mimi mtu wa bondeni ilikuwa jina la baridi tu. Kuku mgeni hajui hata kamba iliyo mguuni pake. Sikujua kwamba wazee wa huku hulihesabu jua kwenye mwili wa mtu, siku tatu kwenye ukucha, siku tatu kwenye kifundo, siku tatu kwenye goti, hadi kichwani na kurudi, na kwamba linapotoka mwilini halihesabiwi siku arobaini. Nimeyajua leo, nikiwa namshika Mama mkono kumrudisha nyumbani, akinieleza hatua kwa hatua kama mtoto. Alifbek alikuwa ameandika hesabu ya mama yake ndani ya Pascal. Hakuandika maelezo kwa sababu kwake yeye hapakuwa na cha kueleza.

Na mwezi uliopita aliiita uchafu.

Januari 5

Giza. Lango tumelishusha hadi theluthi kwa mkono. Bwawa limeanza kujifunika pembeni.

Nimeamua. Mama hatajua kwamba ni Alifbek aliyesema nifute. Mtu anaweza kusahau simu. Lakini akijua kwamba mwanawe amesahau chilla, atajua kila kitu kingine.

Januari 7

Madaktari wamekata vidole viwili vya Qozidavlat. Hakuna aliyekuja kwetu. Mwanamke aliyenishika mkono Desemba alivuka barabara aliponiona.

Januari 9

Bwawa limefunikwa lote. Taa zimerudi, hafifu, rangi ya chai. Nimezipenda.

Januari 11

Mkutano, nyumbani kwa Shohzamon, mchana. Nilikaa karibu na mlango, mahali pa wageni.

Walisema mengi. Kwamba programu ya Alifbek ilifanya kazi miaka kumi na saba. Kwamba kilichokuwa kizima hakitengenezwi. Mzee mmoja akasema lugha ile ya zamani ilikuwa na heshima, hizi mpya ni za kuchezea. Shohzamon akamalizia: "Mume kajenga, mke kabomoa. Angeachiwa sufuria, leo Qozidavlat angekuwa na vidole kumi."

Nikasimama. Nikasema lugha haina kosa. Nikasema kulikuwa na kipande cha chilla ndani ya programu ya mume wangu, mimi sikukielewa, nikakifuta kwa kiburi changu. Kosa ni langu peke yangu.

"Anasema uongo," akasema Mama.

Alikuwa amekaa na wazee wanawake, sikujua hata kama anasikiliza. Alisimama kwa shida, na hakuna aliyethubutu kumsaidia.

"Mwanangu ndiye aliyemwambia afute. Simu iko dirishani inapiga kelele kama redio, mimi niko mlangoni navua viatu. Nilisikia yote. Nilisikia alivyocheka. Na mtoto nilimsikia pia."

Shohzamon akajaribu kusaidia, masikini. "Huenda alisahau tu, Mama. Miaka mingi."

"Ndiyo, kasahau! Simu wanasahau, wake zao wanawasahau, kila nyumba hapa ina mtu wa hivyo. Lakini huyu nilimhesabia jua kwenye ukucha wake kabla hajajua kutamka maziwa." Akanigeukia. "Na wewe, mwanangu, umekaa mwezi mzima unanibebea uchafu wake mgongoni. Nani alikutuma?"

Tukarudi nyumbani. Njiani aliniegemea kwa uzito wake wote, na mlangoni akakung'uta viatu akasema, "Kesho lete hiyo mashine yako."

Januari 12

Leo nimeandika kutoka kinywani mwa Mama. Nilileta kompyuta ya mkononi tukakaa karibu na jiko. Alinyoosha miguu yake, akavua soksi, akaanza na ukucha wa kidole gumba. Nami nikaandika kila sehemu kwa jina lake, siku tatu tatu, na pembeni nikaweka maelezo ya kwa nini. Kifundo, muundi, goti, paja. Alipofika mahali fulani akasita.

"Hapo pana jina lake. Andika usione haya, jua nalo halioni haya."

Tulicheka hadi akakohoa. Sijui mara ya mwisho nyumba hii ilicheka lini.

Halafu akaniomba nimsomee alichosema. Nikasoma kwenye Lua, polepole, nikimtafsiria. Kama jua limetoka mwilini, basi shusha lango. Ngoja siku tatu. Aliitikia kwa kichwa kila mstari. Hajui kusoma jina lake mwenyewe, na alinishika kosa: nilikuwa nimeruka kiuno.

Januari 20

Taa hafifu. Hakuna anayelalamika.

Januari 24

Qozidavlat amerudi kazini na mkono wake umefungwa. "Sasa nahesabu hadi nane tu, shemeji. Liweke na hilo kwenye programu." Nikalia mbele yake. Akanivumilia, kisha akaniambia nichemshe chai. Nimeanza kumfundisha Lua. Anaandika kwa kidole kimoja na kulaani kwa Kirusi.

Januari 31

Theluji laini. Shohzamon ameleta gunia la kuni, akaliacha mlangoni bila kubisha.

Februari 3

Chilla imetoka leo. Sikwenda kituoni. Nilibaki nyumbani kwa makusudi, maana programu inayohitaji mtu asimame kando yake haijakamilika.

Saa nne asubuhi tulikuwa tumekaa chini ya taa, mimi na Mama, mikono mapajani. Ikabaki rangi ya chai. Ikabaki. Halafu ikapanda, taratibu, ikawa ya njano, ikawa nyeupe.

"Lango limefunguka?"

"Limefunguka."

"Bila mtu?"

"Bila mtu, Mama."

Akaitazama taa hadi machozi yakamtoka, ya mwanga tu, akayafuta kwa ncha ya shali.

"Basi hakuna cha kumwitia tena," akasema. "Mimi nimemaliza, mwanangu. Kumsubiri. Nilimaliza siku ile ya simu, viatu vikiwa mkononi. Nikaingia ndani niseme, wewe ukaniletea salamu zake. Kauliza magoti! Nikasema moyoni, huyu bado anahitaji kusubiri, nimwache. Na zile salamu zako zote za kabla, unadhani mimi sijui mwanangu anavyosalimia? Hajapata kuuliza habari za ndama maishani mwake." Akanishika kidevu. "Wewe je? Umemaliza?"

Nilifungua mdomo kumwambia kwamba mimi nilimaliza zamani, miaka mingi, kwamba salamu zile nilizitunga kwa ajili yake yeye, na jaribio la siku mbili nililifanya sita kwa ajili yake yeye. Badala yake nikaweka kichwa mapajani mwake, mimi mwanamke wa miaka arobaini na mbili, nikalia mchana kweupe, naye akanipapasa nywele na hakuniuliza tena.

Tangu Desemba, katika nyumba hii, aliyekuwa akimsubiri Alifbek ni mmoja tu.